FUNGUA, FUNGA na herufi nne: kutengeneza mchezo wa Kiswahili kwa The Quill

*"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari Tanga. Nimerithi kompyuta ya zamani, ZX Spectrum ya 48K, pamoja na kaseti ya The Quill, programu ya kutengenezea michezo ya maandishi, na kabla sijathubutu kuiwasha mashine nimeanza kujizoeza kwenye emuleta, yaani programu inayoiga mashine hiyo. Nataka kutengeneza mchezo wa maandishi kwa Kiswahili: mchezaji anatembea kwenye magofu ya Tongoni, anatafuta vitu, anafungua milango. Mambo yalikwenda vizuri hadi nilipotaka kuongeza FUNGA wakati FUNGUA limo tayari; programu haiyatofautishi. Nikiandika WEKA CHINI TAA, taa haiwekwi. Nikiandika MASHUA ili nipande chombo, najikuta nimekwenda mashariki. Mwenzangu anasema programu hii ni ya Kiingereza, nikitaka Kiswahili lazima nijifunze lugha ya mashine. Ni kweli? Na mchezo ukikamilika, naruhusiwa kuwagawia wanafunzi?"*

Marahaba, mwalimu. Mambo matatu yanayokusumbua, yaani FUNGA, WEKA CHINI na MASHUA, yana chanzo kimoja, na chanzo hicho kinarekebishika bila kugusa lugha ya mashine. Mwenzako amekosea katika jambo kubwa, ingawa kuna kona moja ndogo ambako ana haki. Nitaifikia.

The Quill ilitolewa mwaka 1983 na Gilsoft, kampuni ndogo ya mji wa Barry huko Wales, kwa bei ya pauni 14.95. Aliyeiandika ni Graeme Yeandle, na wazo lake kuu alilipata kwenye makala ya Ken Reed katika gazeti la Practical Computing la Agosti 1980: kwamba mchezo wa namna hii ugawanywe sehemu mbili. Sehemu moja ni injini isiyobadilika, inayosoma amri na kuonyesha maandishi. Nyingine ni hifadhidata, yaani vyumba, vitu, maneno na kanuni zako. Ukibadilisha hifadhidata, injini ileile inaendesha mchezo mwingine kabisa. Programu iliuzwa ili mtu asiyejua lugha ya mashine, wala hata BASIC, aweze kuunda mchezo wenye kasi ya lugha ya mashine. Kwa hiyo kukuambia ukajifunze kwanza lugha hiyo ni kuirudisha nyuma kazi ambayo Yeandle alikwisha kukufanyia.

Tena injini hiyo haijui Kiingereza, kama isivyojua Kiswahili. Inachojua ni herufi nne na namba. Unapoingiza neno kwenye Msamiati, inahifadhi herufi nne za mwanzo pamoja na namba uliyolipatia neno hilo, basi. Kila neno linachukua baiti tano: nne za herufi, moja ya namba. Mchezaji akiandika sentensi, injini inapita neno baada ya neno, inakata kila moja kwenye herufi ya nne, inalitafuta kwenye orodha, na inachukua maneno mawili ya kwanza inayoyatambua. Yasiyomo kwenye orodha inayaruka kimya kimya, na likija la tatu linalotambulika haliangaliwi tena. Ukishika mambo hayo mawili, yaani herufi nne na maneno mawili ya kwanza, utaelewa kila kituko ulichokiona.

Tuanze na herufi. Kwa Kiingereza kukata neno kwenye herufi ya nne mara nyingi hakuleti madhara. Kwa Kiswahili kunaleta, kwa sababu maneno yetu hubeba tofauti zao mwishoni na mwanzoni hufanana. FUNGUA, FUNGA na FUNGUO yote ni FUNG. KITABU, KITANDA, KITASA na KITAMBAA yote ni KITA. KISIMA na KISIWA ni KISI. ANGALIA na ANGAZA ni ANGA. CHUNGU, CHUNGWA na CHUNGULIA ni CHUN. Na MASHUA, mwalimu, ni MASH, sawasawa na MASHARIKI. Ndiyo maana chombo chako kinakupeleka upande huo hata kabla hujakipanda.

Dawa yake ni kupanga msamiati kabla ya kuandika chumba hata kimoja. Chukua daftari, andika kila kitenzi na kila kitu unachofikiria kukitumia, na pembeni andika herufi zake nne za mwanzo. Panga safu hiyo ya pembeni kwa alfabeti. Migongano itajitokeza yenyewe, na wakati huo kubadilisha kitu hakukugharimu chochote. Mashua igeuze ngalawa (NGAL), dau au jahazi. Kati ya kitabu na kitanda chagua kimoja. Kingine kiwe waraka au jamvi. Kisiwa kinaweza kubaki kwenye maelezo ya chumba bila kuwa neno la amri, maana mchezaji hana haja ya kukishika, lakini kisima atataka kukichungulia, basi KISI liwe la kisima. Ukiyagundua haya baada ya kuandika vyumba 30 na kanuni 80, kila neno unalolibadilisha litakulazimu upitie kanuni zote zinazolitaja.

Mkato huohuo una zawadi yake pia. MLANGO na MLANGONI yote ni MLAN. KISIMA na KISIMANI ni KISI. MEZA na MEZANI ni MEZA. Mchezaji anayeandika kwa kiambishi cha mahali anaeleweka bila wewe kuongeza neno. FUNGUENI nayo inaeleweka kama FUNGUA. Kisichoeleweka ni viambishi vya mbele: UCHUKUE, ICHUKUE, NIFUNGUE. Usijaribu kuyaingiza yote. Weka maelekezo mwanzoni mwa mchezo kwamba amri ni kitendo kisha kitu, kama CHUKUA TAA, na wachezaji watashika haraka.

Sasa FUNG yenyewe. Njia iliyo safi kuliko zote ni kupanga mafumbo yako ili hakuna mahali mchezaji analazimika kufunga kitu. FUNG basi inamaanisha kufungua tu, na mlango ukiwa wazi unatoa ujumbe "Mlango uko wazi tayari." Ikiwa fumbo lako linahitaji mlango ufungwe, mpe mchezaji kitenzi kingine: KOMEA linafaa sana kwa mlango wenye komeo, na unalitaja kwenye maelezo ya chumba ili alione. Njia ya tatu ni kuifanya FUNG igeuze hali, mlango uliofungwa ufunguke na ulio wazi ufungwe. Inawezekana, lakini siipendekezi: mtu akiandika FUNGA kwenye mlango uliofungwa na ukamfungukia, ataacha kuuamini mchezo wako. Na ufunguo uite UFUNGUO, kwa umoja, ambao ni UFUN. Usiweke funguo mbili, maana FUNGUO itakurudisha kulekule.

Tatizo la WEKA CHINI TAA linatoka kwenye ile kanuni ya maneno mawili. Bila shaka umeiingiza CHINI kwenye Msamiati kama mwelekeo. Injini inasoma WEKA, inaitambua. Inasoma CHINI, inaitambua. Imeshapata mawili, TAA haifiki kusomwa. Mtu akiandika WEKA TAA CHINI inafanya kazi, na hilo ndilo linalowachanganya wengi, kwa sababu kosa linaonekana kama la bahati nasibu. Iondoe CHINI kwenye Msamiati kabisa. Kwa kushuka tumia SHUKA na TEREMKA, zikiwa na namba moja. Hapo CHINI inakuwa neno lisilojulikana, inarukwa, na WEKA CHINI TAA inasomeka WEKA TAA. Gharama yake ni kwamba mchezaji akiandika CHINI peke yake hataeleweka, kwa hiyo kwenye chumba chenye ngazi andika "unaweza kushuka" na usiandike "kuna njia kwenda chini." JUU haina shida hii, iache.

Hila hiyohiyo inakusaidia kwa NENDA. Usiiingize! Mtu akiandika NENDA KASKAZINI, NENDA inarukwa, KASK inakuwa neno la kwanza, na anakwenda. ELEKEA na TEMBEA vilevile. Wanaoanza huona ni lazima kila kitenzi kiwemo, kumbe maneno mengine yanafanya kazi vizuri zaidi yakiwa hayamo.

Pande za dunia zipe namba ndogo za mwanzo, kwa sababu injini inayachukulia maneno ya namba hizo kuwa ya mwendo: yakishindikana inajibu kwamba hakuna njia upande huo, badala ya kujibu kwamba haiwezi. Kisha wape wachezaji vifupisho, maana hakuna atakayevumilia kuandika MAGHARIBI mara 50. Hapa pia kuna mtego: Kiingereza kinatosheka na herufi moja moja, lakini kwetu kaskazini na kusini zote zinaanza na K, mashariki na magharibi zote na M. Tumia KZ, KS, MS na MG. Kila kifupisho kinaingizwa kama neno jipya lenye namba ileile ya upande wake, na kinakugharimu baiti tano.

Kwa visawe usifanye ubahili. CHUKUA, TWAA, OKOTA na BEBA zote zipewe namba moja. Na kama mchezo utafika Bukavu au Lubumbashi, ongeza KAMATA, kwa sababu huko ndilo neno litakalowajia kwanza. Taa iwe TAA, KANDILI, FANUSI na CHEMLI. Msamiati wa maneno 150 unakula baiti 750 tu.

Nikuonyeshe sasa mlango mmoja kwa ukaribu, kwa sababu hapa ndipo kosa la pili kwa wingi linapotokea. Tuseme uko chumba namba 4, ua wa msikiti. Mlango unaelekea kaskazini, chumba namba 5, ndani kwenye giza. Ufunguo ni kitu namba 3. Hali ya mlango inatunzwa kwenye bendera namba 11; bendera ni kisanduku cha kumbukumbu chenye namba kati ya 0 na 255, na zile za mwanzo kabisa, 0 hadi 10, zina kazi zake maalumu, usizitumie ovyo. Ikiwa 0, mlango umefungwa. Kwenye Jedwali la Matukio, linalokaguliwa mchezaji anapotoa amri, andika hivi, masharti kwanza kisha vitendo. AT ni chumba alipo mchezaji; ZERO na NOTZERO, bendera ni sifuri au si sifuri; CARRIED na NOTCARR, kitu kimebebwa au hakikubebwa; SET inaifanya bendera isiwe sifuri; MESSAGE inachapisha ujumbe; GOTO inamhamisha mchezaji; DESC inaeleza chumba; DONE inasimamisha upitiaji wa jedwali; na nyota ni neno lolote:

FUNG MLAN: AT 4, ZERO 11, NOTCARR 3, MESSAGE 7, DONE
FUNG MLAN: AT 4, ZERO 11, CARRIED 3, SET 11, MESSAGE 5, DONE
FUNG MLAN: AT 4, NOTZERO 11, MESSAGE 6, DONE
KASK *: AT 4, ZERO 11, MESSAGE 8, DONE
KASK *: AT 4, NOTZERO 11, SET 0, GOTO 5, DESC

Ujumbe wa 7 ni "Mlango umefungwa kwa ufunguo." Wa 5, "Kitasa kinalia, mlango unafunguka." Wa 6, "Mlango uko wazi tayari." Wa 8, "Mlango umefungwa." Angalia DONE ya kanuni ya pili. Ukiisahau, injini haisimami. Inaendelea kushuka kwenye jedwali, inafika kanuni ya tatu, inakuta bendera 11 si sifuri tena (wewe mwenyewe umeibadilisha sasa hivi), na inachapisha ujumbe wa 6 pia. Mchezaji anasoma kwamba mlango umefunguka, na hapohapo kwamba ulikuwa wazi tayari. Ukiona jumbe mbili zinazopingana, tafuta DONE iliyokosekana kabla ya kutafuta kitu kingine chochote.

Njia ya kaskazini kutoka chumba 4 usiiweke kwenye Jedwali la Mwendo. Humo ziwekwe njia zilizo wazi siku zote tu. Njia yenye sharti inakaa kwenye Matukio, na GOTO ndiyo inayomhamisha mchezaji.

Hiyo SET 0 ni giza. Bendera 0 ikiwa si sifuri, injini inahesabu kwamba kuna giza, na inaficha maelezo ya chumba isipokuwa kitu namba 0 kipo. Kitu namba 0 ndicho chanzo cha mwanga, hakuna kingine. Kwa hiyo taa iliyowaka lazima iwe kitu 0, na taa iliyozimwa iwe kitu kingine, tuseme 1. Mwanzo wa mchezo kitu 1 kiwe mahali pake chumbani, kitu 0 kiwe 252, namba inayomaanisha "bado hakijaumbwa." WASH TAA yenye sharti CARRIED 1 inafanya SWAP 0 1: vitu viwili vinabadilishana mahali, na taa mkononi inakuwa inayowaka. Malizia kwa DESC ili chumba kielezwe upya kwa mwanga. ZIMA TAA ni kinyume chake. Kumbuka kuandika CHUK TAA mara mbili, moja kwa PRESENT 0 (kitu kipo hapa) na GET 0 (kichukuliwe), nyingine kwa PRESENT 1 na GET 1, zote zikiishia na OK.

Kwa nini giza liwekwe kwenye kanuni ya kuingia, na si kwenye Jedwali la Hali ambalo hukaguliwa kila zamu? Kwa sababu injini inaeleza chumba kwanza, ndipo inapitia jedwali hilo. Ukisubiri Jedwali la Hali, mchezaji ataona chumba chote mara ya kwanza kana kwamba kuna mwanga, kisha giza litaingia akiwa ameshasoma. Kutoka nje nako kuwe hivyohivyo: KUSI * yenye AT 5, halafu CLEAR 0 (bendera irudi sifuri), GOTO 4, DESC.

Sasa ile kona ambako mwenzako ana haki. Injini ina sentensi zake za kudumu: ile ya kuorodhesha vitu vilivyopo, ya kukataa, ya kuuliza amri inayofuata. Katika matoleo ya kwanza ya Spectrum hazikuweza kubadilishwa kupitia menyu, na kuzibadilisha kulitaka kuingilia baiti zenyewe. Matoleo ya baadaye yana chaguo la ujumbe wa mfumo kwenye menyu. Tazama menyu yako leo. Kama chaguo hilo halipo, tafuta toleo la baadaye kabla hujaendelea, la sivyo mchezo wako wa Kiswahili utakuwa unamjibu mtu kwa Kiingereza kila anapokosea.

Ukizitafsiri, jihadhari na ngeli. Injini haijui kama kitu kinachozungumzwa ni taa au kisu au jiwe, kwa hiyo "siioni" itakuwa sahihi kwa taa na kosa kwa kisu. Tumia "kitu" kama nomino ya kudumu, upatanisho ufuate hiyo: "Hakuna kitu hicho hapa." "Kitu hicho ninacho tayari." Kwa nguo andika "(nimevaa)", kwa sababu kitenzi hicho kinafuata mtu, hakifuati nguo. Orodha ianze na "Ninaona pia:" na majina ya vitu yaje peke yake. Kwa amri isiyoeleweka: "Sijaelewa. Andika kitendo na kitu." Kwa mpango huu mchezo mzima unapita bila upatanisho uliovunjika hata mmoja, jambo ambalo mwalimu wa Kiswahili atalithamini kuliko mtu yeyote.

Kumbukumbu isikutie hofu. Kila herufi ni baiti moja. Vyumba 30 vya herufi 250 ni baiti 7,500; ujumbe 60 wa herufi 60 ni 3,600; msamiati 750; majina ya vitu mia chache. Hujafika 13,000, na kwenye mashine ya 48K bado una nafasi ya kanuni. Menyu inakuonyesha baiti zilizobaki. Itazame kila unapomaliza kikao. Picha ni suala jingine: skrini nzima ya Spectrum ikihifadhiwa kama ilivyo ni baiti 6,912. Ndiyo maana The Illustrator, nyongeza ambayo Gilsoft iliitoa mwaka 1984, inahifadhi maagizo ya kuchora mistari na kujaza rangi, na haihifadhi picha yenyewe. Kwa mchezo wa kwanza achana na picha.

Kinachosumbua zaidi ni upana wa skrini: herufi 32 kwa mstari. Neno likifika ukingoni linakatwa popote lilipofika, na maneno yetu marefu hukatika vibaya. Panga mistari yako kwenye karatasi ya miraba yenye visanduku 32, na jaza nafasi tupu pale neno linapohitaji kushuka mstari wa pili.

Kuhusu kuhifadhi, tafadhali lisome hili mara mbili. Kuna machaguo mawili yanayofanana: kuhifadhi hifadhidata na kuhifadhi mchezo. Mchezo uliohifadhiwa unajiendesha wenyewe bila The Quill, lakini haurudi tena kwenye kihariri. Hifadhidata ndiyo unayoweza kuipakia na kuendelea kuihariri. Aliyehifadhi mchezo peke yake na kuzima mashine amepoteza uwezo wa kusahihisha hata nukta. Kila kikao malizia kwa hifadhidata, uithibitishe, uipe jina lenye namba inayopanda: TONGONI01, TONGONI02. Jina la faili la kaseti kwenye Spectrum haliruhusu zaidi ya herufi 10. Kwenye emuleta hifadhi pia nakala ya hali nzima ya mashine, kama bima.

Kuwagawia wanafunzi unaruhusiwa. Gilsoft hawakudai mrabaha kwa michezo iliyotengenezwa na The Quill. Waliomba tu programu yao itajwe. Weka mstari mmoja kwenye chumba cha mwanzo na umetimiza. Unachogawa ni mchezo wako. Kaseti ya The Quill yenyewe ni kazi ya wenyewe, usiinakili.

Je, The Quill ndicho chombo bora kwako? Kama lengo ni kutumia mashine uliyonayo na wanafunzi waone jinsi kompyuta ya 1983 ilivyofikiri, ndiyo, na udogo wake ni msaada. Kama lengo ni mchezo mkubwa zaidi kwenye Spectrum hiyohiyo, Professional Adventure Writer ya 1987, ya Gilsoft haohao, inasoma herufi tano badala ya nne. FUNGUA na FUNGA zinaachana, KITABU na KITANDA zinaachana, KISIMA na KISIWA pia; FUNGUA na FUNGUO bado zinagongana. Inaelewa sentensi ndefu zaidi, na inachukua muda mrefu zaidi kujifunza. Graphic Adventure Creator ya Sean Ellis, iliyotolewa na Incentive mwaka 1985, ina picha ndani yake, na kanuni zake huandikwa kwa mtindo wa IF na END. Anayependa kuandika programu ataifurahia kuliko majedwali. DAAD, iliyotengenezwa na Tim Gilberts wa Gilsoft kwa ajili ya kampuni ya Aventuras AD ya Hispania, ilitumika kwa michezo ya Kihispania, na hilo pekee linamjibu mwenzako kuhusu Kiingereza.

Na kama wanafunzi watacheza kwenye simu, sikushauri yoyote kati ya hizo. Twine inatengeneza hadithi ya kubofya inayofunguka kwenye kivinjari, hakuna kuandika amri, kwa hiyo mgongano wa herufi haupo. Lakini pia hakuna ile raha ya kubuni neno na mashine ikakuelewa. Inform 6 inabakiza amri za kuandika na inasoma herufi tisa za kila neno kwenye matoleo ya kawaida ya faili zake, zinazotosha Kiswahili vizuri sana. Ugumu wake ni kwamba maktaba yake ya sarufi ni ya Kiingereza na lazima uitafsiri kwanza, kazi ya wiki kadhaa kwa mtu anayejua programu.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi haya hayatoshi. La kwanza ni majaribio. Mwite mtu asiyejua mchezo wako, mkae naye ana kwa ana, na usimwambie lolote. Andika kila neno analolijaribu na likakataliwa. Hiyo ndiyo orodha ya visawe vyako vinavyokosekana. Rudia na mtu wa Mombasa, na mwingine wa bara. Kukisia mwenyewe hakusaidii, kwa sababu wewe unajua tayari neno sahihi.

La pili ni ile Spectrum. Usiichomeke. Adapta ya Spectrum ni ya volti 9, ampea 1.4, na ncha hasi iko katikati ya plagi. Adapta nyingi za siku hizi zina chanya katikati, na ukichomeka hiyo unaweza kuiua mashine papo hapo. Ya asili nayo imezeeka, na haina kidhibiti cha volti: bila mzigo hutoa zaidi ya volti 9, na kapasita zilizokauka ndani ya mashine hazivumilii mshtuko. Mpelekee fundi wa elektroniki mwenye mita, apime adapta kabla ya kuiunganisha, akague kapasita, na asikunje utepe wa kibodi anapofungua kasha, kwa sababu plastiki yake ikizeeka inakatika kama jani kavu. Mwulize pia kama anaweza kukutolea picha moja kwa moja bila kupitia antena, maana kwa njia ya asili utahitaji runinga yenye kipokezi cha analogi, chaneli ya 36 ya UHF. Hadi hapo endelea na emuleta, na hifadhidata yako ya TONGONI01 utaipakia kwenye mashine halisi kwa waya wa sauti siku itakapokuwa tayari. Unapopakia chomeka waya wa EAR tu. Unapohifadhi chomoa EAR ubakize MIC, ndipo kaseti itakapopokea sauti safi.